Mzinga Bila Shujaa: Kambi ya Askari Raia na Mipaka ya Utenzi wa Vita

Vita ni mojawapo ya maudhui makongwe kabisa katika ushairi wa Kiswahili. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, ni utenzi wa vita. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wa karne ya 19, ni utenzi wa vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliuhamisha utenzi kutoka katika vita vya Mtume na masahaba wake akauleta Mrima, pale alipoeleza jinsi Wadachi walivyoitamalaki pwani. Shaaban Robert naye aliupeleka mbali kuliko wote waliomtangulia. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zinazokaribia 3,000, unasimulia Vita vya Pili vya Dunia tangu 1939 hata 1945.

Hata hivyo, mtafiti anayetafuta katika urithi huu mahali ambapo askari wa karne ya 20 alipitisha miezi mingi ya vita vyake, yaani kambi ya mafunzo, hurudi na kapu tupu. Katika tenzi jeshi hukusanyika, kisha jeshi hupigana. Baina ya mambo hayo mawili pana beti chache za safari, na pengine orodha ya silaha. Kuruta anayeamshwa alfajiri, anayejifunza kutaja sehemu za mzinga kwa lugha isiyo ya mama yake, anayengoja barua, anayengoja posho, anayengoja amri na kungoja tena, huyo hayumo. Makala haya yanadai kwamba kutokuwamo kwake hakukutokana na uvivu wa watunzi. Kunatokana na umbo la utenzi wenyewe. Yanadai vilevile kwamba kambi haikukosa fasihi yake ya Kiswahili. Ilikuwa nayo, na uhakiki ndio ulioizuia mlangoni kwa sababu ya lugha yake.

Kambi na mahali pake

Hoja hii yahitaji mahali mahususi, na Isiolo yafaa kuliko miji mingi ya Kenya. Kabla ya Vita vya Pili mji huu ulikwisha kuwa mji wa askari. Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwapa makazi pale Wasomali, hasa wa koo za Isaaq na Harti, waliokuwa wametumika katika jeshi la Waingereza. Katika miaka ya mwisho ya 1930, baada ya Waitalia kuivamia Uhabeshi mwaka 1935, wakimbizi wa Kihabeshi pamoja na Waeritrea waliolitoroka jeshi la Waitalia waliwekwa katika kambi papo hapo Isiolo, kabla ya kuhamishiwa Taveta. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, na Moyale ilipoachwa mikononi mwa adui Julai mwaka huohuo, Isiolo ikawa mojawapo ya milango ya njia ya kaskazini: Nanyuki, Isiolo, Archer's Post, Marsabit, kisha mpakani. Hata leo Jeshi la Kenya lina chuo chake cha askari wa miguu katika mji huo. Mtu akitaja "kambi" mbele ya mzee wa Isiolo, mzee ana haki ya kuuliza: ipi?

Watu waliopita katika kambi za Kenya wakati wa vita hivyo hawakuwa, kwa wingi wao, askari wa kazi. Keya, kama King's African Rifles walivyoitwa na raia, lilikuwa jeshi dogo kabla ya 1939. Kufikia 1945 zaidi ya watu laki tatu kutoka makoloni ya Afrika Mashariki na jirani zake walikuwa wamevaa sare. Walikuwa wakulima, wafugaji, walimu wa shule za misheni, makarani, vibarua wa mashamba ya Wazungu. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine kwa hiari iliyosukumwa na chifu. Kwa upande wa vikosi vya kazi sheria ya kulazimisha ilitumika waziwazi. Lugha ya watu imehifadhi kumbukumbu ya mambo haya vizuri kuliko vitabu vya shule. Magharibi ya Kenya neno Panyako lingali linasikika kwa vikosi vya kazi vya Vita vya Pili, kama vile Kariakoo lilivyobaki Dar es Salaam na Nairobi kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza. Bama nalo ni neno la wazee wa Keya kabla ya kuwa neno la wanajiografia.

Kuna jambo moja la Isiolo ambalo hadithi ya kambi haiwezi kulikwepa. Kaskazini ya mji huo ilikuwa nchi iliyofungwa. Raia kutoka Ukambani au Nyanza hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na raia wa huko hakuruhusiwa kutoka hivihivi. Kijana wa Machakos aliyepelekwa Marsabit mwaka 1940 alikuwa akiingia katika sehemu ya koloni lake mwenyewe ambayo asingeweza kuiona akiwa mtu huru. Kibali alikipata kwa kuacha kuwa raia. Hapa mandhari imekwisha kuwa maudhui, nayo yangemtosha mwandishi wa riwaya kwa sura mbili au tatu.

Watu sita na chuma kimoja

Silaha ina balagha yake. Upanga huzaa pambano la wawili, na pambano la wawili huzaa majina. Ndiyo maana katika tenzi za kale msikilizaji humjua Ali, huujua upanga wake Dhulfikari, na hulijua jina la anayeuawa. Kila pigo lina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja, na sarufi ya ubeti wenye vipande vinne vya mizani nane inalipenda jambo hilo: kipande cha kwanza humleta shujaa, cha pili humwinua mkono, cha tatu hulipiga pigo, na cha nne hufunga kwa kina cha bahari kinachorudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Bunduki ilipoingia, Hemedi aliweza bado kuutumia utaratibu huu, kwa kuwa mwenye bunduki naye huonekana na huonwa.

Mzinga wa uwanjani wa karne ya 20 ulivunja utaratibu huo. Mfano ni mzinga wa ratili 25, uliokuwa tegemeo la vikosi vya mizinga vya Uingereza katika vita hivyo, na ulioitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake, yaani kilo 11 na ushei. Ulihudumiwa na watu sita. Wa kwanza ni mkuu wao. Wa pili hufungua na kufunga mlango wa nyuma wa mzinga na kushindilia. Wa tatu hulenga. Wa nne hupakia. Wa tano na wa sita huandaa makombora na baruti. Kila mmoja ana namba, na kazi yake ni ya namba hiyo kabla ya kuwa ya jina lake: akiugua, mwingine husimama mahali pake na mzinga hauoni tofauti. Kombora huweza kwenda kilomita 12. Mara nyingi anayelenga haoni anachokilenga, kwa maana hupewa hesabu zilizotoka kwa mwangalizi aliye mbele sana, akazigeuza kuwa mzunguko wa gurudumu na mwinuko wa chuma.

Sasa mhakiki na ajiulize: katika watu hawa sita shujaa ni nani? Yule aliyelenga bila kuona? Yule aliyebeba kombora? Yule mwangalizi aliyeona lakini hakugusa mzinga? Tendo limegawanyika mpaka halina mwenyewe. Mafunzo ya kambini yana shabaha moja tu, nayo ni kuugawanya mwendo wa mtu mmoja na kuurudia mara mia hadi usihitaji fikra. Ni vigumu kufikiria kitu kisichokubaliana na utenzi kuliko hicho. Utenzi hutaka tukio lisilorudiwa, na kambi ni marudio matupu.

Neno lenyewe lina historia ya kuvutia, na si upotevu wa muda kuitaja. Mzinga kwanza ni gogo lililotobolewa, makazi ya nyuki linalotundikwa mtini. Chuma chenye uwazi kilipofika pwani kiliitwa kwa jina la umbo lile. Kwa karne kadhaa mwenyeji wa Mombasa au Unguja aliujua mzinga zaidi kama sauti ya shughuli: mizinga ya kumpokea mgeni mkubwa, mizinga ya Idi. Katika kambi ya mafunzo chombo hiki cha kifalme kiligeuka kuwa kazi ya mikono, yenye mafuta, matambara na mabega yaliyochubuka. Washairi wa pwani waliurithi mzinga wa sherehe. Mzinga wa kazi uliwafikia watu wa bara waliokuwa hawatungi tenzi.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba arudhi ya Kiswahili haiwezi kuubeba muda usio na tukio. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), iliyotungwa katika gereza la Kamiti, imejengwa juu ya kungoja, tena kwa vina na mizani iliyokamilika. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969) ameutoa mvutano wa tamthilia yake katika swali la kungoja: watu wako tayari kupigana na kiongozi wao anawazuia. Kwa hiyo kikwazo hakiko katika vina. Kiko katika usimulizi wa utenzi, unaodai kwamba jambo moja lizae jingine hadi ushindi au msiba. Shairi la beti chache laweza kukaa ndani ya siku moja ya kambi, lakini utenzi huivuka siku hiyo ili ufike vitani.

Kwa mwanga huo kazi ya Shaaban Robert yapaswa kusomwa upya, bila kejeli na bila kuabudu. Shaaban hakuwa askari. Miaka ile alikuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, na vita vilimfikia kama vilivyowafikia wasomaji wengi wa Kiswahili, yaani kama habari. Utenzi wake una ukubwa wa ramani: mataifa, viongozi, majeshi, mapambano. Hapo ndipo ulipo uwezo wake. Mwafrika aliyetawaliwa alithubutu kuvitaza vita vya Ulaya, Afrika na Asia kwa jicho moja na kuviita vita vya uhuru, na jina hilo peke yake ni hoja dhidi ya ukoloni, kwani anayepigania uhuru wa Mfaransa ana la kuuliza juu ya uhuru wa Mnyamwezi. Lakini jicho lenye ukubwa wa ramani halioni hema. Mtu namba nne wa mzinga ni mdogo mno kwa kipimo hicho. Wahakiki wanaomsifu Shaaban kwa kuandika "historia kamili" ya vita wanamsifu kwa jambo ambalo utenzi wake hauwezi kulitenda, na wanaacha kumsifu kwa lile ulilolitenda.

Hodiya ya Keya

Fasihi ya kambi iko wapi, basi? Iko katika nyimbo. Anthony Clayton alichapisha mwaka 1978 uchunguzi wake wa nyimbo za askari Waafrika, na kabla yake Terence Ranger, mwaka 1975, alikuwa ameonyesha jinsi ngoma ya beni ilivyochukua gwaride, vyeo na tarumbeta za jeshi na kuvigeuza kuwa mchezo wa mashindano mitaani, toka Lamu na Mombasa hadi ndani ya Tanganyika. Kazi zote mbili ni za wanahistoria. Upande wa idara za fasihi haukuzipa uzito uliostahili. Mjadala mkali wa ushairi uliofuata Kichomi cha Kezilahabi (1974) uliwagawa wasomi juu ya vina na mizani, lakini wimbo wa askari, usiojali sana vina wala mizani na uliotungwa zamani kuliko Kichomi, haukuitwa kutoa ushahidi kwa upande wowote.

Vitabu vya fasihi simulizi vinapozitaja nyimbo hizi huziweka katika fungu la nyimbo za vita na kusema kwamba kazi yake ni kuhamasisha wapiganaji. Uainishaji huo ni wa harakaharaka. Uchukuliwe wimbo unaojulikana kuliko yote, Funga Safari. Ndani yake hamna adui, hamna damu, hamna kitisho. Mna mzigo, njia, na swali. Waimbaji wanahimizana kufunga safari, kisha wanauliza ni amri ya nani, na jibu hutaja mwenye cheo na kulitaja jeshi lenyewe. Huo ni muundo wa hodiya, wimbo wa watu wanaofanya kazi nzito kwa pamoja, na jamaa zake wa karibu ni kimai cha mabaharia na nyimbo za wapagazi. Kiongozi hutoa mstari, kundi hupokea, na pumzi ya wimbo ni pumzi ya kazi. Watu sita wanaosukuma mzinga uliokwama mchangani hawahitaji kuhamasishwa dhidi ya Mtaliano. Wanahitaji kusukuma wakati mmoja.

Mhakiki mwenye shaka atasema kwamba wimbo wa namna hii ulipendwa na maofisa, ulipigwa na bendi zao, na kwa hiyo ni sauti ya bwana katika kinywa cha mtumwa. Shaka hiyo ina msingi, nayo haiwezi kufukuzwa kwa neno moja. Jibu la wimbo ni jibu la utiifu, na hakuna ushahidi wa ndani wa kulifanya kuwa uasi. Hata hivyo umbo lake lasema jambo ambalo maneno yake hayasemi. Swali la nani ametoa amri huulizwa upya katika kila mzunguko, kilomita baada ya kilomita, na jibu halimalizi swali, kwa kuwa baada ya jibu swali hurudi. Mwimbaji mtiifu asingehitaji kuuliza zaidi ya mara moja. Pengine hiyo ni kanuni tu ya wimbo wa mwendo. Lakini kanuni hiyo imewapa watu maelfu nafasi ya kutamka hadharani, mbele ya ofisa, swali ambalo mtu mmoja peke yake angelitamka angeadhibiwa. Utenzi hauna mahali pa namna hiyo. Msimulizi wake anajua toka mwanzo amri ni ya nani.

Kilichozifukuza nyimbo hizi katika uhakiki ni lugha. Kiswahili cha kambini, kilichoitwa Kikeya, kimechunguzwa na Mungai Mutonya na Timothy Parsons (2004), na sifa zake hazimshangazi aliyesikia Kiswahili cha bara. Ngeli zimepunguzwa hadi karibu kutoweka, "kwisha" imechukua kazi ya -me-, "iko" inabeba mzigo wa vitenzi vitano, na hali ya kuamuru imeenea kila mahali. Maneno yake yamekusanywa njiani: askari kutoka Kiarabu, afande kutoka kwa Waturuki kwa kupitia Misri na Sudani, kuruta, koplo na sajini kutoka Kiingereza. Wakati Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ilipokuwa ikisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, jeshi lilikuwa likieneza Kiswahili kingine, nacho kiliwafikia vijana wengi ambao kitabu cha Kamati hakikupata kuwafikia. Msamiati huo wa kambi umo leo katika kamusi zote. Sarufi yake imebaki kuwa kichekesho.

Kichekesho hicho kina gharama. Msomi akiusahihisha wimbo wa Keya kabla ya kuuchambua, akarudisha ngeli na kupanga viambishi, atakuwa ameuondoa wimbo katika kinywa cha Mkamba, Mnyasa na Mluo waliouimba pamoja hali hakuna aliyekuwa na lugha ya kumtosha mwenzake. Upungufu wa sarufi ile ni alama ya mahali: unaonyesha kwamba lugha ilikuwa ya kutolewa amri, si ya kujadiliana. Askari aliyefundishwa mzinga kwa Kikeya alipewa vitenzi vingi vya kutii na vichache mno vya kuuliza. Akafanya swali lake kuwa kiitikio.

Aidha, jeshi lenyewe lilizoea kumpa askari Kiswahili kilichotungwa mahali pengine. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Nairobi katika miaka ya 1920, kwa ukumbusho wa Vita vya Kwanza, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Kiswahili kilichoko pale ni tafsiri ya sifa. Magazeti ya jeshi ya Vita vya Pili, Askari na Heshima, yalikuwa na hariri bora zaidi na picha nyingi, lakini nayo yalisimamiwa na wenye amri. Kikosi cha burudani cha jeshi kilikuwa na uhuru kiasi, na si ajabu kwamba mwanamuziki Fundi Konde, aliyetumika humo, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa wimbo mpya wa Kiswahili nchini Kenya baada ya 1945. Gitaa lilitoka kambini likiwa na maneno yake. Kalamu haikutoka.

Kambi kama shule ya siasa

Walioandika baadaye waliandika kwa lugha nyingine. Robert Kakembo wa Uganda alitoa An African Soldier Speaks mwaka 1946 kwa Kiingereza, kwa msomaji Mwingereza. Waruhiu Itote, aliyejiunga na Keya mwaka 1942 akapelekwa Bama, alichapisha "Mau Mau" General mwaka 1967. Bildad Kaggia alifuata mwaka 1975 kwa Roots of Freedom. Gakaara wa Wanjaũ, aliyekuwa karani jeshini katika Uhabeshi, aliijenga fasihi ya Kikuyu. Askari wote hawa walipewa amri kwa Kiswahili. Hakuna kati yao aliyekichagua Kiswahili kwa kitabu chake cha vita, na jambo hilo ni hukumu juu ya lugha ile waliyoipokea kambini: haikuwa imewapa "mimi" wa kusimulia.

Vitabu vya Itote na Kaggia ni vya lazima kwa anayeisoma historia ya Kenya. Kama fasihi ya kambi vina upungufu unaofanana. Vita ndani yake ni njia ya kuelekea siasa. Kiini cha sehemu ya Bama katika Itote ni mazungumzo: askari Mwingereza anamuuliza anapigania nini, na askari Mmarekani mweusi anamzindua zaidi. Mazungumzo hayo yameandikwa kwa nguvu, na yamenukuliwa na kila mwanahistoria. Tatizo ni kwamba yamekuwa ufunguo wa kila kambi. Boro katika Weep Not, Child ya Ngugi (1964) anarudi kutoka vita hivyohivyo akiwa amekwisha kuwa hasira tupu, na msomaji hapewi saa hata moja ya mafunzo yake. Uhakiki wa baada ya Uhuru umeridhika na mchoro huu: kijana anaingia kambini akiwa mshamba, anatoka akiwa mzalendo.

Kinachopotea katika mchoro huo ni ufundi. Mtu aliyeweza kuisoma pembe ya mwinuko na kuigeuza kuwa umbali alikuwa amejifunza hesabu ambayo shule nyingi za Waafrika hazikumpa. Aliporudi kijijini hakuwa na mahali pa kuitumia, na cheti chake hakikutaja. Fahari ya ufundi huo, na aibu ya kuunyamazia, ni maudhui ambayo si ya mzalendo wala ya kibaraka, na kwa sababu hiyo hayakupata nafasi katika itikadi ya upande wowote. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili angeweza kuanzia hapo.

Meli na malisho

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo katika msafara wa meli tano za abiria. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote ndani yake lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga ya Uwanjani cha Afrika Mashariki, karibu watu elfu moja. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Walikufa watu 1,297. Manowari za Waingereza, zikiitafuta nyambizi iliyojificha chini ya waliokuwa wakiogelea, zilitupa mabomu majini hali watu wangali humo.

Tukio hili ni kipimo cha kila lililosemwa hapo juu. Hapa pana maelfu ya saa za mafunzo, namba moja hadi sita, kupakia na kulenga, na mwisho wake mzinga haukufika Bama. Msimulizi wa utenzi hana la kufanya nalo. Hakuna pambano, hakuna ushindi, na hata msiba wenyewe hauna adui anayeonekana. Tena habari za meli zilizozamishwa zilikuwa chini ya udhibiti wakati wa vita, na utenzi unaojengwa kwa habari hauwezi kuimba kisichotangazwa. Kwa watu wa Kikosi cha 301 vita vyote vilikuwa kambi na safari. Asiyeweza kuiandika kambi hawezi kuwaandika.

Upande mwingine wa mzinga ni wa anayeusikia, na hapo hoja inarudi kaskazini. Archer's Post, mwendo mfupi kutoka Isiolo, imekuwa kwa miongo mingi uwanja wa shabaha wa majeshi ya Kenya na Uingereza. Makombora yasiyolipuka yalibaki malishoni. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wafugaji zaidi ya 200 wa Archer's Post na Dol Dol, waliojeruhiwa au waliofiwa. Katika masimulizi ya mchungaji mzinga hauna watu sita, wala namba, wala afande. Una chuma kilichookotwa na mtoto. Tangu Hemedi alipoieleza vita kutoka upande wa wanaopigwa, Kiswahili hakijawa na kazi nyingi zenye kuanzia hapo. Masimulizi hayo yapo, kwa Kisamburu na Kiborana, na kwa Kiswahili cha soko la Isiolo, ambamo "iko" ingali inabeba vitenzi vitano na ngeli ni mbili au tatu. Mwanafunzi wa uzamili atakayekwenda kuyakusanya atarudi na kanda ambazo msimamizi wake atatamani kuzisahihisha. Tasnifu hiyo inafaa kuamuliwa mapema, kabla ya kanda ya kwanza, itayanukuu vipi.